Jezi Zilizorudi Kavu

Dobi hakuhitaji kuhadithiwa timu ilivyocheza. Kila Jumapili asubuhi alifungua mfuko mkubwa wa turubai, akatoa jezi moja moja, akazigawa mafungu mawili juu ya meza ya zege iliyokuwa mbele ya chumba chake cha kazi. Fungu la kushoto lilikuwa la jezi zilizolowa jasho mpaka kwenye pindo, nyingine zimeganda chumvi kwapani, zinanuka hata ukisimama mlangoni. Fungu la kulia lilikuwa la jezi zilizorudi kama zilivyoondoka: kavu, zimenyooka, mikunjo ya pasi yake bado inaonekana kifuani. Kushoto sita, kulia sita. Jumapili iliyofuata, kushoto sita, kulia sita. Msimu mzima ulikwenda hivyo, na kila alipomaliza kugawa, Dobi alisonya kwa nguvu mpaka fundi viatu wa chumba cha pili akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

"Kuna Kocha," alijibu Dobi. "Huyo ndiye aliyepo."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mikono yake imekunjamana kwa maji na sabuni, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili ulioibeba. Kwa miaka kumi na tisa alifua nguo za watu: mashuka ya nyumba ya wageni, makoti meupe ya wauguzi, mapazia ya ofisi. Kila nguo iliyoingia aliishonea nyuzi mbili za rangi kwa ndani, kila mteja na rangi zake, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyerudi kuulizia hata soksi. Ukitaka kumtukana, hukuwa na haja ya kumgusia wazazi wake. Ulimwambia tu kwamba amepoteza nguo.

Mpira wa kikapu aliujia kwa hasira. Mara ya kwanza klabu ilipomletea jezi zile nyeupe, zilikuwa chafu kiasi kwamba aliona amedharauliwa. Jumamosi akafunga kazi mapema, akaenda ukumbini kuwauliza wale watu wanacheza mpira au wanagaragara. Alikaa kwenye viti vya zege, akaangalia, akasahau lililompeleka. Alikwenda kugombana, akarudi shabiki, na tangu siku hiyo hakukosa mechi hata moja ya nyumbani. Mume wake, fundi saa, mtu mpole ambaye mpira wowote kwake ulikuwa kelele tu, aliwaambia watu kwamba mke wake ameolewa mara ya pili na safari hii amechukuliwa na wanaume kumi na wawili.

Basi alipokuja Kocha huyu wa sasa, furaha yote ile ikaingia doa. Alikuwa na wachezaji kumi na wawili, ila alicheza na sita, watano uwanjani na mmoja wa kupokezana nao. Kwa kubadilisha watu alikuwa mkono wa birika. Robo ya kwanza timu inakimbia, watu wamesimama kwenye viti. Robo ya pili wanaongoza kwa pointi kumi na moja. Robo ya tatu mikono iko kiunoni. Robo ya nne wale sita wanaburuta miguu, wapinzani wanapita katikati yao kana kwamba uwanja hauna mtu, na kwenye benchi wamekaa wanaume sita wazima, wamepumzika, wamenyoosha miguu, wanaangalia timu yao inavyozama. Kocha naye anatafuna kijiti cha meno. Kikilainika anakitema sakafuni, anachomoa kingine mfukoni. Vijiti vya meno alivibadilisha kila robo. Watu, hapana.

Dobi aliona kinyaa. Haikuwa hasira, maana hasira humjia mtu ikapita. Hiki kilikuwa kinyaa cha tumboni, kile kinachokushika unapofunua ndoo iliyosahauliwa wiki nzima na matambara ndani. Alipomwona Kocha akipita sokoni alibadili njia. Alisikia watu wakimsifu kwamba ana msimamo, akatema mate chini.

Siku moja, timu ikiwa inaongoza kwa pointi tisa na zimebaki dakika saba, alishindwa kuvumilia. Aliinuka pale pale kwenye kiti chake cha mstari wa pili.

"Kocha! Namba saba amekwisha, humwoni? Mtoe apumue!"

Kocha aligeuka polepole, kijiti kiko pembeni mwa mdomo. "Mama, mimi nikija kwako nakufundisha kufua?"

Watu wakacheka. Dobi akawasubiri wamalize.

"Ungekuja ungejifunza! Mimi sifui shuka moja mara sita, halafu mengine yakaoza kwenye kapu!"

Wakacheka tena, safari hii wakicheka naye, mpaka refa mwenyewe akaficha mdomo kwa filimbi. Kocha alitema kijiti, akageukia uwanja. Namba saba hakutoka. Timu ilifungwa kwa pointi nne, na Jumapili asubuhi jezi zilikuwa sita kushoto, sita kulia.

Kwenye fungu la kulia, iliyomuuma kuliko zote ilikuwa namba kumi na tano. Ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Ngazi. Alikuwa mtunza ghala kwenye duka kubwa la vipuri vya magari, na makasha ya rafu ya juu kabisa aliyashusha kwa mkono, bila kupanda kitu. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na sita. Kumi na minne kati ya hiyo aliichezea timu ile. Si kwamba alikuwa hodari wa kutisha. Alikuwa mtu wa kusimama chini ya kikapu na mikono juu, akadaka mipira iliyorudi, akampa mwenye mbio akimbie nayo. Mambo ambayo hayapigiwi makofi. Lakini Dobi, aliyeangalia mpira kama anavyoangalia nguo, kwa kutafuta panapochanika, alijua kwamba Ngazi akiwemo ndani timu haivuji.

Halafu Kocha akamleta Bosi. Bosi alikuwa pande la mtu, mkubwa kama Ngazi kwa urefu na upana, ila goti moja limefungwa bandeji nene na likianza kuuma anachechemea. Mpira akiupata chini ya kikapu anafunga, hilo Dobi hakulikataa. Lakini alicheza dakika zote arobaini, na nusu yazo alizicheza kwa mguu mmoja, na Ngazi alikaa benchi akimshikia taulo.

"Shemeji, na hiyo uifue," Ngazi alimwambia kila alipopita na kumkuta ameshika ile kumi na tano.

"Nifue nini? Hii ni safi kuliko mashuka ya nyumba ya wageni."

"Ifue tu. Ikinuka sabuni tofauti na nyingine, wenzangu watajua."

"Wenzako wanakaa na wewe benchi, kuna la kujua hapo?"

"Shemeji, nakuomba."

Akaifua. Alifua jezi safi, akaianika jezi safi, akaipiga pasi jezi ambayo haikuwa na kosa lolote, roho ikimuuma kutoka beseni mpaka kamba.

Wiki ya mwisho ya msimu ndipo alipojua kwamba lililokuwepo lilikuwa kubwa kuliko benchi. Ilikuwa mchana, Ngazi ametoka kazini kwa mapumziko, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa huku Dobi akipiga pasi makoti ya wauguzi.

"Chama cha kikapu kimeleta barua," alisema Ngazi. "Mchezaji ambaye hakufikisha mechi tano za kuingia uwanjani kwa msimu anafutwa kwenye orodha. Klabu inapewa nafasi yake imsajili mwingine."

"Wewe unazo ngapi?"

"Nne. Zote za mwanzo wa msimu, kabla Bosi hajaja."

Dobi akaisimamisha pasi. "Na mechi zilizobaki?"

"Moja. Jumamosi hii."

"Basi nenda kwa Kocha umwambie."

"Nimwambie nini? Barua si anayo mezani kwake?" Ngazi alicheka, lakini macho yake yalikuwa sakafuni. "Kumwomba siwezi. Miaka kumi na minne nianze kuomba dakika mbili kama mtu anayeomba maji mlangoni?"

"Si utatafuta timu nyingine?"

"Shemeji, nani atasajili mtu wa miaka thelathini na sita? Nikifutwa hapa nimefutwa." Akagonga ndoo kwa kisigino. "Kazini nahesabu vipuri. Nyumbani sina mtu. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, mechi Jumamosi. Nikitoa hizo siku tatu, sijui zinazobaki nitazifanya nini."

Dobi alirudisha pasi kwenye koti, akaikandamiza kuliko ilivyohitajika. Alikuwa anamwona Kocha na kijiti chake, barua iko mezani, anaisoma na kuiweka chini ya glasi ya chai. Alijisikia kumkaba. Jioni alipomweleza mume wake, fundi saa hakutoa hata kile kioo chake jichoni.

"Mwache Kocha na timu yake, mama."

"Huyu ni mdogo wako tumbo moja!"

"Ndiyo maana nasema. Ukilivalia njuga jambo lake, utamwaibisha." Akaipuliza saa aliyoishika. "Na wewe nakujua, ukishaanza hutulii."

Alimjua kweli. Jumamosi asubuhi, jua likiwa kali na kamba zote zimekauka, Dobi alizikunja jezi na kuzipanga kwa namba kama kawaida, nne chini, kumi na tano juu. Alipofika kumi na nne, ya Bosi, mkono wake ukasimama. Klabu ilikuwa na seti moja tu, ile nyeupe. Ya rangi ilichanika zamani na haikuletwa nyingine. Na sheria aliijua vizuri, alishaona watu wakirudishwa: asiye na jezi haingii, hata awe nani. Bosi akikosa jezi, Kocha abaki na nani wa kusimama chini ya kikapu? Atake asitake, atamwita Ngazi. Si kwa dakika mbili. Kwa mechi nzima, na watu wote waone.

Aliitoa kumi na nne kwenye rundo, akaisukumiza chini ya bunda la mapazia ya ofisi. Kwa miaka kumi na tisa hajawahi kuficha nguo ya mtu. Lakini alipiga moyo konde. Alijiambia kwamba uchafu wa Kocha hautoki kwa sabuni ya kawaida, akafunga mfuko, akajitwika, akaenda.

Alihakikisha amechelewa. Alipofika ukumbini zilikuwa zimebaki dakika ishirini, wachezaji wanazunguka chumba cha kubadilishia nguo wamevaa kaptula tu, na Kocha amesimama mlangoni ameshika kiuno. Chumba cha kazi cha Dobi kilikuwa upande wa pili wa mji; hapakuwa na wa kwenda na kurudi. Ngazi ndiye aliyempokea mfuko. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo Dobi hakuiona kwa miezi. Alichomoa kumi na tano kabla ya wote, akaivaa, akaivuta chini kwa mikono miwili, akasimama pembeni akirukaruka kupasha miguu moto. Dobi aliona viatu vyake vina kamba mpya, nyeupe kabisa. Akasema moyoni, leo utazichafua, shemeji.

Kocha alizigawa zilizobaki. Alipofika mwisho aliugeuza mfuko, akaukung'uta.

"Kumi na nne iko wapi?"

"Haimo?" alisema Dobi.

"Naona haimo."

"Basi nimeisahau."

Neno lile lilitoka kwa taabu kuliko alivyotarajia. Wachezaji wote walimgeukia. Hata wale wasioangalia chochote isipokuwa viatu vyao waliinua nyuso, kwa sababu Dobi kusahau nguo ilikuwa habari.

Kocha alitoa kijiti mdomoni, akakiangalia. "Miaka yote hii unafua, leo ndiyo umejua kusahau."

"Binadamu husahau."

Alijiandaa kutukanwa, na alikuwa na majibu matatu tayari. Lakini Kocha hakumtukana. Aliwatazama wachezaji wake mmoja mmoja, kuanzia mlangoni mpaka dirishani, anawapima mabega, na macho yake yakafika pale pembeni yakatulia.

"Ngazi," alisema. "Vua."

Ngazi aliacha kuruka.

Ndipo lilipomshukia Dobi. Jezi kumi zilikuwa za saizi za kawaida. Mbili tu zilikuwa pana, kumi na nne na kumi na tano, na mtu mwenye mwili wa Bosi asingeweza kuingiza hata mkono kwenye nyingine yoyote. Yeye ndiye aliyezifua msimu mzima. Yeye ndiye aliyezikunja hizo mbili mara moja zaidi ili zilingane na nyingine mfukoni. Vidole vyake vilijua siku zote. Kichwa chake ndicho hakikuviuliza.

"Mpe ya mwingine!" alipiga kelele. "Mbona ya huyu?"

"Ya nani, mama? Nimvalishe Bosi ya namba nne iwe sidiria?"

Wachezaji wawili watatu walicheka. Bosi hakucheka. "Samahani, kaka," alisema chini chini. Ngazi alivuta jezi kichwani, akaikunja mara mbili kama alivyozoea kuipokea, akamkabidhi. Kisha akavaa shati lake la kazini lenye jina la duka la vipuri mgongoni, na kwa kuwa asiye na jezi haruhusiwi kukaa hata benchi, alipanda kwenye viti vya zege, mstari wa pili, akakaa karibu na shemeji yake.

Mechi ilianza. Dobi, aliyezoea kuanza kupiga kelele kabla ya filimbi, alikaa kimya kama maji mtungini. Mashabiki waliomzunguka walimuuliza kama anaumwa. Waliopokezana uwanjani walikuwa sita wale wale. Wa kukaa benchi tu walikuwa watano sasa, na wote watano Kocha hakuwatazama. Robo ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na Ngazi amekaa amepakata mikono, anafuata mpira kwa macho, kila unapogonga chuma na kurudi mabega yake yanainuka kidogo kisha yanashuka.

"Nisamehe," Dobi alisema mwishowe, bila kumtazama.

"Kusahau si kosa, shemeji."

Mapumziko yalipofika hakuweza kukaa pale. Alishuka mpaka meza ya waamuzi, ambako karani wa mechi alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye Dobi alimfulia mapazia tangu siku nyingi. Hakujua hasa anatafuta nini. Pengine alitaka kujua kama kuna namna, kama mtu anaweza kuandikwa tena. Karani alimgeuzia karatasi aione. Namba kumi na nne ilikuwa imepigwa mstari. Kwenye kumi na tano, jina la Ngazi lilikuwa limekatwa kwa wino na juu yake limeandikwa la Bosi. Mbele ya jina hilo palikuwa na alama ndogo ya msalaba.

"Na hii ni ya nini?"

"Watano wa kuanza," alisema karani. "Shemeji yako alikuwa aanze leo. Hukujua?"

"Aanze nani?"

"Yeye. Kocha alileta karatasi mapema, ameshamwekea alama. Aliniambia anamwanzisha dakika mbili ahesabiwe mechi ya tano, halafu anamtoa. Baadaye likaja hilo la jezi, akasema basi, shemeji yako hayumo tena." Karani alishusha miwani. "Alama imebaki pale pale, si unaona? Bosi ameirithi na jezi."

Dobi aliitazama ile alama. Kwanza kinyaa kilimpanda kwa Kocha, kama kawaida, kikaja na maneno yake tayari: huyo ndiye mtu, hata wema wake ni wa dakika mbili, na ukimkwaza kidogo tu anaufuta. Angeweza kumvalisha Bosi ile jezi robo ya pili. Angeweza kuwaacha wacheze bila Bosi kwa mara moja maishani. Lakini kinyaa hicho hakikuishia kwa Kocha safari hii. Kilimrudia, kikamkaa kwenye mikono yake mwenyewe, mikono iliyosukumiza nguo ya mteja chini ya mapazia na kudhani imefanya jambo la akili. Alijifuta kwenye gauni. Alipanda kurudi kwenye kiti chake.

Robo ya tatu mikono ilikuwa kiunoni, na robo ya nne wale sita walianza kuburuta miguu kama alivyojua wataburuta. Pointi kumi za kuongoza zikawa sita, zikawa mbili, zikawa moja ya upande wa pili. Kwa mara ya kwanza Dobi aliomba wafungwe. Aliomba kwa roho yote, wafungwe vibaya, ili angalau Kocha atoke pale ameinamisha kichwa. Lakini sekunde nne za mwisho mpira ulimfikia Bosi chini ya kikapu, akageuka kwa lile goti lake bovu, akaurusha, ukazunguka chuma, ukaingia. Ukumbi ukalipuka. Watu walirukia uwanjani, wakamwinua Bosi, na wasiojua jina lake walisoma namba mgongoni.

"Kumi na tano! Kumi na tano! Kumi na tano!"

Viti vya zege vilitetemeka. Mwanamke mmoja nyuma yao alikuwa analia kwa furaha. Ngazi alisimama na watu wengine, akapiga makofi, na Dobi akaona anapiga kwa haki kabisa, makofi ya mtu aliyeona kikapu kizuri. Kule chini Kocha alikuwa anapeana mikono na viongozi wa klabu. Wote walikuwa wanamwambia kwamba ana msimamo. Alitema kijiti, akachomoa kipya.

Walikaa mpaka watu wakapungua. Kila Jumamosi baada ya mechi ya nyumbani waliondoka pamoja, Dobi akilaani njia nzima na Ngazi akimtuliza, mpaka kwa fundi saa ambako chakula kilikuwa kinawasubiri. Leo hakuna aliyeinuka.

"Shemeji, nina neno," alisema Dobi. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka ilibidi Ngazi ainamishe kichwa. "Ile jezi ya Bosi sikuisahau. Niliificha."

Ngazi alimtazama.

"Nilijua haiwezekani," alisema. "Wewe kusahau nguo."

"Nilidhani atakosa wa kumweka, atakuweka wewe. Mechi nzima."

"Kocha alinipigia simu asubuhi. Akaniambia naanza."

"Karani amenionyesha karatasi." Dobi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mbona hukuniambia? Ungenipigia tu. Ungesema neno moja!"

"Nilitaka uone mwenyewe." Ngazi aliangalia chini uwanjani, ambako mfagiaji alikuwa ameanza kukusanya chupa. "Miaka yote hiyo wewe tu ndiye unayenipigia kelele niingie. Nilitaka nizisikie hizo kelele nikiwa ndani."

Dobi aliinuka kwanza. Akasema kwamba chakula kipo, twende, kaka yako anasubiri. Ngazi aliinuka, akajinyoosha mgongo, akakung'uta vumbi la zege kwenye suruali.

"Msalimie kaka," alisema, akashuka zile ngazi peke yake, akatokea mlango wa nyuma.